Theluji ya Friza ya Mama

Friza ya mama haijagandisha kitu tangu 2009. Iko ukumbini kwangu Bunju, imefunikwa kitambaa cha kudarizi, na ndani yake tunaweka sembe, mchele na maharage. Panya wa Bunju ni wengi na wana akili, lakini mfuniko ule umewashinda. Wageni wakija huweka vikombe vya chai juu yake, wasijue kwamba wameviweka juu ya ada yangu ya shule.

Mwaka 1992, nyumbani kwetu Tandika, friza hiyo ndiyo iliyotulisha. Baba alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Mama aliinunua kwa mtu aliyekuwa anahama, ikiwa imechoka tayari, inanguruma usiku kucha kama lori linalopanda mlima. Mlangoni akatundika kipande cha boksi: BARAFU ZIPO. Za ukwaju, za ubuyu, na mwisho wa mwezi, watu wakishapata mishahara, za maziwa.

Saa kumi na moja alfajiri jiko la mkaa lilikuwa limeshawaka. Ukwaju unachemka na sukari mpaka nyumba nzima inanukia. Mama anachuja, anamimina kwa jagi kwenye vikombe vidogo vya alumini. Vilikuwa arobaini, hakuwa na vingine. Anavipanga kwenye sinia na kuvipeleka kwenye friza vikiwa bado vinafuka moshi.

Sakafu ya friza ilikuwa na theluji nene kama godoro la kitanda cha mtoto. Mama hakuikwangua. Alishika kikombe cha moto kwa kitambaa, akakikalisha juu ya theluji, akakizungusha kidogo, mara moja kushoto na mara moja kulia, mpaka kikajichimbia kishimo. Theluji ililia tss, ikayeyuka, halafu ikakikamata. "Kikae, kishike chini," alikuwa akisema, kama anayemkalisha mtoto kigodani. Kengele ya mapumziko ya saa nne ikilia shule ya msingi ya jirani, watoto walizikuta barafu zimesimama na njiti zake.

Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, mchepuo wa Fizikia, Kemia na Hisabati, nasubiri kwenda JKT. Kijana wa aina hiyo ni hatari ndani ya nyumba. Amejua mambo mengi na hana pa kuyapeleka.

"Mama, hivyo unavyofanya si sawa," nilimwambia asubuhi moja.

"Nini tena, baba?"

Nikamweleza. Nilimwambia cha moto hakiwezi kuganda kabla ya cha baridi, kwa sababu lazima kwanza kipoe mpaka kifike pale cha baridi kilipoanzia, na hapo ndipo kianze safari ambayo mwenzake ameshaianza zamani. Nikampa na mfano wa mjini. Watu wawili wanakwenda Mbagala, mmoja anaanzia Kariakoo, mwingine anaanzia Mtoni. Wa Kariakoo lazima apite Mtoni. Atamtangulia vipi mwenzake?

Mama alinitazama kwa muda, jagi mkononi.

"Inaelekea wewe hujawahi kusimama Mtoni jioni ukisubiri gari," alisema.

Nikaona hakuuelewa mfano.

Lakini mimi ndiye niliyesoma, kwa hiyo alinikubalia. Kwa wiki moja tulifanya kwa utaratibu wangu. Ukwaju ulipozwa kwanza kwenye beseni la maji. Theluji niliikwangua yote kwa mwiko, nikimweleza kwamba inazuia ubaridi usipite, jambo ambalo ni kweli, limo vitabuni. Saa nne watoto walikuta uji. Wengine walizipokea hivyohivyo, wakazinywa. Wengi wakahamia nyumba ya tatu, kwa mama mwingine aliyekuwa na barafu ngumu. Nikasema umeme ulikuwa mdogo. Huenda ulikuwa mdogo kweli. Wiki iliyofuata mama alirudi kwenye vikombe vyake vya moto bila kusema neno, akaiacha theluji iote tena.

Hakuna kilichonishinda kupima. Saa ya ukutani ilikuwepo. Vikombe vilikuwepo arobaini, ishirini vingewekwa vya moto na ishirini vya baridi, na kila baada ya robo saa ningefunua mfuniko nikachungulia. Kipimajoto ningeazima. Sikupima, kwa sababu jibu nilikuwa nalo.

JKT nilijifunza kwata. Ukiwa safuni huangalii afande, unaangalia bega la mwenzako. Afande akiita "kulia geuka" na mtu mmoja akageuka kushoto, walio nyuma yake wanaweza kumfuata yeye badala ya amri, maana yeye ndiye wanayemwona. Safu nzima inakatika sehemu moja tu: mbele yake wote wanatazama huku, nyuma yake wote wanatazama kule, na kila mmoja anaapa yuko sawa na jirani yake.

Miaka michache baadaye, Mlimani, nikiwa mwaka wa tatu, mhadhiri alichora safu hiyohiyo ubaoni. Badala ya makuruta alichora mishale, juu na chini. Mishale hiyo ni spini, sumaku ndogo za atomu, na kila moja inapenda kuelekea anakoelekea jirani yake. Hesabu hiyo aliifanya Ernst Ising, mwanafunzi wa Hamburg, kwa swali alilopewa na mwalimu wake Wilhelm Lenz, ikachapishwa 1925. Swali lilikuwa jepesi kulitamka: je, safu ya namna hiyo ikipoozwa itafika mahali igeuke ghafla kuwa sumaku, kama maji yanavyogeuka ghafla kuwa barafu?

Jibu ni hapana, na sababu yake kuruta yeyote anaielewa. Gharama inalipwa pale tu majirani wanapotofautiana. Wakigeuka wawili wa mwisho, kuna mkatiko mmoja. Wakigeuka mia mbili wa mwisho, bado kuna mkatiko mmoja, bei ni ileile. Mahali pa kukatikia ndipo panapoongezeka kila safu inaporefuka. Kwa hiyo joto likiwepo hata chembe, safu ndefu itakatika tu, hapa na pale, na utaratibu hauwezi kusimama. Paredi ya mraba ni habari nyingine. Humo kundi likitaka kugeuka linagombana na majirani wa pande zote, na kundi likikua ugomvi nao unakua. Lars Onsager alithibitisha 1944 kwamba kwenye mraba mpangilio unasimama mpaka joto fulani, ndipo unavunjika.

Nilitoka darasani nimechangamka kama mlevi. Nilipanda daladala ya Mwenge–Temeke nikiwa nimesimama, nikihesabu abiria kama mishale. Nilitaka niendelee na shahada ya pili juu ya minyororo ya spini ya kwanta, maana humo mambo yanazidi kunoga. Kwenye sifuri kamili, nyuzi 273 chini ya sifuri yetu, joto halipo la kuvunja kitu, na bado ukiisukuma safu kwa uga wa sumaku wa ubavuni, ikifika nguvu fulani mpangilio unakufa. Kinachoua hapo ni ukwanta wenyewe, kule spini kutokuwa na upande mmoja wa kusimamia. Mwaka 2010 watafiti wa Oxford na Berlin waliliona hilo kwenye fuwele yenye nyuzi za atomu za kobalti, karibu kabisa na sifuri kamili, kwa uga wa kama tesla 5.5. Ukiongeza joto kidogo, yale mageuzi ya ghafla yanafutika, lakini kivuli chake kinabaki: karibu na mahali pale, kasi ya safu kusahau ilivyokuwa inategemea joto peke yake. Kwa kelvini moja, kipimo cha muda wa kusahau ni kama sehemu 8 za trilioni za sekunde.

Nadharia ya hayo niliisoma peke yangu, wakati ule, kwenye nakala za kudurufu. Shahada ya pili haikuwa. Mdogo wangu aliingia sekondari, friza ikaanza kuumwa, nami nikapangiwa shule moja huku Kinondoni, nikaenda kufundisha.

Mwaka 2004 msichana mmoja wa kidato cha pili alinyoosha mkono. Tulikuwa tunasoma joto. Alisema shangazi yake Mwananyamala anauza barafu na huziweka friza zikiwa za moto, na zinawahi. Kwa nini?

Ningeweza kusema nini? Ningeweza kusema, hata mama yangu. Badala yake nilisema, "Hiyo ni fizikia ya barafu." Mmoja wa mbele akacheka. Aliyekuwa nyuma yake akacheka kwa sababu wa mbele amecheka, na kicheko kikaenda hivyo dawati kwa dawati mpaka ukutani, bila kumgharimu mtu kitu. Jina likamganda: Barafu. Kidato cha tatu, wanafunzi walipochagua michepuo, hakuwa kwenye orodha yangu. Hesabu ya Ising ilikuwa mbele ya macho yangu na sikuitambua.

Jina la Erasto Mpemba nililisikia kwa mara ya kwanza 2013. Nilikuwa nimekwishasoma na kufundisha fizikia kwa zaidi ya miaka ishirini, yote ndani ya Tanzania. Chama cha kemia cha Uingereza kilikuwa kimetangaza shindano la kueleza kwa nini maji ya moto huweza kuwahi kuganda, kikapokea majibu zaidi ya 22,000, na Mpemba mwenyewe alialikwa. Nilisoma habari hiyo nikiwa ofisi ya walimu, chai ikapoa mkononi.

Mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu Magamba, kule Lushoto, yeye na wenzake walikuwa wakitengeneza askrimu. Unachemsha maziwa na sukari, unayaacha yapoe, unayatia kwenye friji. Nafasi ilikuwa ya kugombea, na Mpemba, asikose yake, aliyatia ya moto. Baada ya saa moja na nusu ya kwake ilikuwa imeganda, ya mwenzake bado rojorojo. Alimwuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, likizo, rafiki yake aliyekuwa akiuza askrimu Tanga mjini alimwambia kwamba wao huyatia ya moto sikuzote ili yawahi. Niliposoma hapo ilibidi niinuke nitoke nje. Wauza askrimu wa Tanga walikuwa wanajua. Mama alikuwa anajua. Shangazi wa Mwananyamala alikuwa anajua.

Alipofika Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, na mwalimu akamjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, siyo ya dunia. Darasa likapata msemo wa kumtania. Kisha akaja mgeni kuzungumza na wanafunzi, Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakati huo kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Mpemba aliuliza mbele ya watu, wenzake wakacheka. Osborne hakucheka. Alirudi Mlimani akamwomba fundi wa maabara ajaribu. Fundi akaleta taarifa kwamba ya moto imewahi kweli, akaongeza kwamba wataendelea kurudia mpaka wapate jibu sahihi. Ninampenda fundi huyo. Ni ndugu yangu kabisa. Lakini yeye alipima.

Makala ya Mpemba na Osborne ilitoka 1969 katika jarida la walimu wa fizikia la Uingereza. Wakati huo Mpemba alikuwa akisomea wanyamapori Mweka, Moshi, na kazi yake ya maisha ikawa huko. Namkumbuka Ising. Naye, kama mimi, alikuwa mwalimu wa shule. Mwaka 1933 alipoteza kazi Ujerumani kwa kuwa Myahudi, akaokokea Luxembourg akichunga kondoo na kufanya kibarua cha reli, na alikuja kujua miaka mingi baadaye, akiwa Marekani, kwamba ile safu yake ya mishale ilikuwa imeenea duniani. Mmoja alichunga kondoo, mwingine alihifadhi wanyama wa porini, na majina yao yakawa yanatembea bila wao.

Na yakakutana. Maji ni kitu kichafu cha kufanyia ubishi. Yanavukiza, yanazunguka ndani ya chombo, yana hewa iliyoyeyuka, na yanaweza kupita sifuri yasigande. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Uingereza walipima kwa makini, wakasema hawaoni ushahidi kwamba ya moto hupoa haraka zaidi. Kwa hiyo wengine wakayaacha maji. Mwaka 2020, Canada, Avinash Kumar na John Bechhoefer walitumia punje moja ya kioo isiyoonekana kwa macho na wakaonyesha waziwazi kwamba iliyoanza na joto kubwa ilitangulia kutulia. Na mwaka 2023 Filiberto Ares, Sara Murciano na Pasquale Calabrese, huko Trieste, Italia, waliipeleka fizikia ya Mpemba kwenye mnyororo wa spini za kwanta.

Humo hakuna friza. Spini zote zinainamishwa upande mmoja, halafu safu inaachwa ifuate kanuni isiyopendelea upande wowote. Ukitazama kipande kimoja cha safu, sehemu iliyobaki ndiyo friza yake. Kipande kinatulia, kinafanana na kitu chenye joto, na kwa kuwa kwenye safu mpangilio hausimami mbele ya joto, lazima ule mwinamo ufutike, ulinganifu urudi. Swali ni lini. Wakakuta kwamba iliyoinamishwa zaidi, iliyo mbali zaidi na ulinganifu, inaweza kuurudia mapema kuliko iliyoinamishwa kidogo. Mwaka 2024 watafiti wa Innsbruck, Austria, waliliona jambo hilo kwa ayoni 12 zilizopangwa mstari.

Na sababu? Katika minyororo ile ya nadharia, mwinamo unasafirishwa nje ya kipande na mawimbi, mengine ya kasi, mengine ya polepole. Iliyoinama zaidi inaweza kuwa imepakia mzigo wake kwenye yale ya kasi. Umbali hautoshi kukuambia nani atafika. Lazima ujue amepanda nini.

Niliposoma hapo ndipo nilipomsikia mama, baada ya zaidi ya miaka thelathini. Inaelekea hujawahi kusimama Mtoni jioni. Aliyewahi kusimama pale anajua kwamba magari ya Mbagala hupita yamejaa mpaka mlangoni, na konda anakupungia mkono tu. Kwa hiyo mtu mwenye akili wa Mtoni anapanda gari linalokwenda Kariakoo, anageuza nalo, anarudi amekaa dirishani, na anawapita walewale aliowaacha kituoni. Ameanza mbali zaidi, amefika mapema. Mama aliuelewa mfano wangu kuliko mimi niliyeutunga.

Siwezi kumwambia. Alifariki 2009, na friza ilikufa mwaka huohuo, miezi michache baadaye.

Mwaka jana, nimeshastaafu, nilinunua kipimajoto na daftari. Kwenye friji yetu mpya niliweka sufuria mbili ndogo zinazolingana, moja ya maji ya nyuzi 80, nyingine ya nyuzi 30, nikaweka kengele ya simu iniamshe kila nusu saa. Mke wangu alihamia chumba cha wageni. Usiku tano: baridi ikawahi mara nne, moto mara moja, na hiyo moja sina hakika kama sikusinzia. Nikataka kuandika kwamba mama alikosea.

Ndipo nikapapasa sakafu ya friji. Kavu, laini kama sahani. Friji nyingi za siku hizi hazioti theluji. Zinajiyeyusha zenyewe, na tunazilipia zaidi kwa sababu hiyo. Hakukuwa na kitu cha sufuria ya moto kujichimbia. Hakukuwa na tss. Maelezo hayo yamo kwenye mjadala tangu zamani: chombo cha moto huyeyusha theluji, kikagusana vizuri na ubaridi, na cha baridi kikabaki kimekaa juu ya blanketi. Kikae, kishike chini. Na mimi niliikwangua kwa mwiko.

Huko Trieste wanafanya hesabu zao bila theluji, bila mvuke, bila umeme mdogo wa kusingizia. Ninawaonea wivu. Swali langu mimi lina theluji ndani yake, ukiitoa linakuwa swali la mtu mwingine.

Juzi nilimwita fundi wa friji kutoka Boko. Alitoa sembe, akatoa mchele, akapiga magoti, akamulika nyuma kwa tochi ya simu.

"Mzee, hii gesi yake ya zamani haipo tena. Tukitaka ifanye kazi, tubadilishe kompresa, tusafishe mabomba, tuweke gesi nyingine. Hiyo hela unaongeza kidogo unapata mpya. Mpya haigandi theluji hata kidogo."

"Na hii ikipona itaganda?"

"Hii?" Akacheka. "Hii itaganda mpaka uchoke kukwangua."

Nikamwambia abadilishe kompresa.